Saa ipo, betri ipo, na bado mashine inaamka imepotea majira

Swali: Habari za kazi, fundi. Nimetengeneza kifaa cha kurekodi joto la tenki kwenye kituo cha kukusanyia maziwa huku Njombe. Bodi ni BeagleBone Black (kompyuta ndogo ya bodi moja), Debian 12, kerneli (kiini cha Linux) 6.1. Nimeiongezea saa ya DS3231 yenye betri, kwa sababu umeme unakatika na modemu inachelewa kushika mtandao. Zamani nilitumia kerneli 4.19 niliyoikompaili mwenyewe na sikuwa na shida. Sasa umeme ukikatika saa tano usiku ukarudi saa kumi na moja alfajiri, rekodi za alfajiri zinaandikwa kana kwamba bado ni saa tano usiku, mpaka modemu ipate mtandao. Siku nyingine hakuna kosa lolote. Kwenye logi naona DS3231 inachelewa kuamka. Nimefungua draiva yake, `rtc-ds1307.c` (ndiyo inayohudumia pia DS3231), nikaibadilisha iwe `subsys_initcall`, haikusaidia. Nimeweka `msleep(2000)` ili basi la I2C (njia ya waya mbili inayounganisha chipu na bodi) litulie kwanza, haikusaidia pia. Nifanyeje iamke ya kwanza?

Jibu: Ndugu yangu, hiyo mistari mitatu uliyoikata kwenye logi ndiyo iliyonionyesha njia, kwa hiyo nairudisha hapa ilivyo:

```
[    2.114873] omap_rtc 44e3e000.rtc: registered as rtc0
[    2.120951] omap_rtc 44e3e000.rtc: setting system clock to 2000-01-01T00:00:00 UTC (946684800)
[   14.602377] rtc-ds1307 2-0068: registered as rtc1
```

Soma ule wa pili polepole. Kerneli imeuliza saa ngapi, ikaambiwa leo ni tarehe 1 Januari 2000, ikakubali. Aliyejibu ni `omap_rtc`, saa iliyomo ndani ya chipu yenyewe ya AM335x. Kwenye BeagleBone Black saa hiyo haina betri ya kuishikilia. Umeme ukienda inasahau kila kitu, ukirudi inaanza upya mwaka 2000. Imewahi kujisajili, ikapewa namba sifuri, yaani jina `rtc0` (RTC ni saa ya maunzi), na kerneli yako imekompailiwa na mstari huu:

```
CONFIG_RTC_HCTOSYS_DEVICE="rtc0"
```

Maana yake, saa ya mfumo inachukuliwa kwa yeyote anayeitwa `rtc0`. Nani ana betri na nani hana, halimhusu mtu. Sekunde 12 baadaye DS3231 inaingia na saa sahihi, inakuta kiti kimekaliwa, inaitwa `rtc1`, na hakuna anayeiuliza chochote.

Kwa hiyo kosa lako halitokei siku moja moja. Linatokea kila mashine inapowaka baada ya umeme kukatika, bila kukosa. Kinachokuficha ni `systemd-timesyncd`, programu inayolinganisha saa na seva za mtandao. Inatunza faili `/var/lib/systemd/timesync/clock`, na tarehe ya faili hilo ndiyo kumbukumbu yake ya saa ya mwisho iliyoijua. Ikiamka na kukuta saa ya mfumo iko nyuma ya hapo, inaisukuma mbele mpaka ilingane na faili. Ndiyo sababu huoni mwaka 2000 kwenye rekodi zako, unaona saa tano usiku: ni saa ambayo umeme ulikatika. Umeme ukikatika dakika mbili, kosa ni la dakika mbili, na kwenye joto la maziwa nani atalitambua? Ukikatika kwa muda wa saa sita na modemu ikasuasua, ndipo unapoliona. Nakuomba ulishike hili, kwa sababu kosa linaloonekana kuja na kuondoka humfanya fundi atafute vitu vya kubahatisha, kama ule `msleep` wako.

Sasa tuje kwenye `subsys_initcall`. Wazo lako lilikuwa na msingi. Kerneli ya Linux huamsha sehemu zake kwa ngazi: `core`, `postcore`, `arch`, `subsys`, `fs`, `device`, na mwisho kabisa `late`. Draiva ya kawaida iliyojengwa ndani ya kerneli huangukia ngazi ya `device`, na ukiipandisha `subsys` inatangulia. Lakini hebu endesha hii:

```
grep -E 'RTC_DRV_(DS1307|OMAP)' /boot/config-$(uname -r)
```

Nakuwekea dau utaona `CONFIG_RTC_DRV_DS1307=m` (moduli, draiva inayopakiwa baadaye) na `CONFIG_RTC_DRV_OMAP=y` (imejengwa ndani ya kerneli). Sekunde ya 14 inakwambia hivyo hata kabla hujaangalia: muda huo diski imeshapachikwa na `udev` iko kazini inapakia moduli. Na ndani ya moduli, maneno `subsys_initcall`, `device_initcall` na `late_initcall` yote yanageuzwa kuwa kitu kimoja, `module_init`. Ngazi hazipo tena, moduli inaamka pale inapopakiwa. Ulibadilisha mstari, ukakompaili, ukapata moduli ileile ya jana. Kagua na ile `.config` yako ya kerneli 4.19; sitashangaa nikisikia huko DS1307 ilikuwa `y`.

Kuhusu `msleep(2000)` ndani ya `probe` (hatua ya draiva kukishika kifaa), hapo umemchelewesha yuleyule uliyetaka awahi. Sikucheki sana, maana na mimi nimeshalala macho wiki nzima juu ya bodi ya mteja nikipunguza na kuongeza milisekunde. Mezani kwangu ikawaka vizuri mara 50 mfululizo, ilipofika kwake ikagoma siku ya kwanza. Kuchelewesha hakujengi utegemezi kati ya vifaa viwili. Kunabadilisha tu nani anashinda mbio leo.

Tuseme sasa umeweka `y` zote mbili. Je, DS3231 itatangulia? Hapa ndipo penye utamu. Ndani ya ngazi moja, draiva huamka kwa mpangilio zilivyounganishwa wakati wa kukompaili, na mpangilio huo unatoka kwenye Makefile. Orodha ya `drivers/rtc/Makefile` imepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo `rtc-ds1307` iko juu ya `rtc-omap`. Ukiishia hapo utasema DS3231 imeshinda. Lakini kuna vitu viwili ambavyo wengi tunavichanganya: draiva kujisajili, na kifaa kuwepo. Draiva ya DS1307 inaweza kujisajili mapema upendavyo. Itakaa tu inasubiri kifaa chenye jina `maxim,ds3231` kitokee. Kifaa hicho kinaning'inia kwenye basi la I2C, na hakizaliwi mpaka basi lenyewe liwe limeshikwa na draiva yake. Kwako basi hilo ni `4819c000.i2c`, lile la pini P9.19 na P9.20. Saa ya ndani haina basi la kusubiri, iko kwenye anwani yake ndani ya chipu. Ukiwahisha draiva ya saa bila kuwahisha basi, umemwamsha abiria alfajiri wakati gari bado liko gereji.

Na basi nalo lina wakubwa zake: mapigo ya chipu (clock), nishati, na mpangilio wa pini. Draiva ya basi ikikuta mmoja wao hajafika inarudisha `-EPROBE_DEFER`, na kerneli inakiweka kifaa pembeni ili ijaribu tena baadaye. Utaratibu huu uliingia Linux 3.4, mwaka 2012. Ukiona `-517` kwenye logi usitafute maana yake kwenye vitabu vya makosa ya kawaida. Ni hiyo hiyo, "nimeahirishwa, nirudieni". Kuna kipengele kimoja ambacho watu hukikosa: kifaa kilichoahirishwa wakati ngazi zinaendelea hakijaribiwi tena papo hapo mtegemewa wake anapofika. Kujaribu upya kunafunguliwa kwenye ngazi ya `late`. Basi likiahirishwa mara moja tu huko `subsys`, linapitwa na ngazi nzima ya `device`, pamoja na `omap_rtc` ambayo imo humo. Hapo DS3231 inashindwa hata ikiwa `y`, na alfabeti haitaiokoa.

Kuanzia 5.13 kuna jambo jingine: `fw_devlink` imewashwa kwa chaguo-msingi. Kerneli inasoma mti wa vifaa (faili linaloorodhesha vifaa vya bodi) kabla ya kushika chochote, inaona nani anamtaja nani, na inakataa hata kuiita draiva ya kifaa ambacho msambazaji wake (kile kinachotegemewa) hajawa tayari. Ni kazi nzuri, imeondoa kuahirishana kwingi kusiko na sababu. Ila mtu aliyeruka kutoka 4.19 hadi 6.1 kama wewe asitegemee mpangilio wa zamani ubaki ulivyokuwa. Haukuwa ahadi tangu mwanzo.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, fungua `/boot/uEnv.txt`, na kwenye mstari wa `cmdline=` ongeza mwishoni:

```
initcall_debug log_buf_len=4M dyndbg="file drivers/base/dd.c +p"
```

Washa upya, kisha:

```
dmesg | grep -E 'ds1307|omap_rtc|4819c000|2-0068'
```

Cha kwanza kinakupa, kwa kila draiva iliyojengwa ndani, mstari wa `calling ds1307_driver_init` na mwingine wa `initcall ds1307_driver_init ... returned 0 after` mikrosekunde kadhaa. Usidanganyike na hiyo `returned 0`: inasema draiva imejisajili salama, haisemi imepata kifaa. Cha mwisho, kama kerneli yako ina `CONFIG_DYNAMIC_DEBUG`, kinakuonyesha `Added to deferred list` na baadaye `Retrying from deferred list` pamoja na jina la kifaa. Tafuta hayo maneno kwenye `4819c000.i2c`. Yakiwepo, umempata aliyechelewesha msafara. Vifaa ambavyo bado vimekwama hata baada ya mashine kuwaka vipo hapa, mara nyingi na sababu yake pembeni:

```
cat /sys/kernel/debug/devices_deferred
```

Mtego mmoja: usiongeze `ignore_loglevel` ukiwa umechomeka waya wa siriali, ila kama mashine inakufa kabla hujapata `dmesg`. Siriali ya 115200 inapitisha herufi elfu kumi na moja na kitu kwa sekunde, kwa hiyo mstari mmoja wa herufi 80 unakula kama milisekunde 7. Zidisha kwa maelfu ya mistari. Unaweza kujikuta unachunguza mbio ambazo umezianzisha wewe mwenyewe. Bila hiyo, maelezo yanaingia kimya kwenye kumbukumbu ya kerneli na unayasoma baadaye. Kama unashuku `fw_devlink`, washa mara moja na `fw_devlink=permissive` ulinganishe, kisha uitoe. Hicho ni kipimo tu, usikiache kwenye mashine ya kazi.

Haya, tiba. Swali lako lilikuwa "iamke vipi ya kwanza", na mimi nakushauri uliache swali hilo. Huhitaji iamke ya kwanza. Unahitaji iitwe `rtc0`, na jina hilo unaweza kulipanga mwenyewe kwenye mti wa vifaa:

```
/ {
    aliases {
        rtc0 = &saa_betri;
        rtc1 = &rtc;
    };
};

&i2c2 {
    saa_betri: rtc@68 {
        compatible = "maxim,ds3231";
        reg = <0x68>;
    };
};
```

`&rtc` ndilo jina la saa ya ndani kwenye faili za AM33xx. Draiva ya saa inapojisajili, kerneli inaangalia kwanza kama nodi yake (kifungu chake kwenye mti huo) imetengewa namba. Kwa mpangilio huu `omap_rtc` inaweza kuwahi sekunde 12 na bado ikaitwa `rtc1`. Usiuache ule mstari wa `rtc1`. Bila huo, saa ya ndani isiyo na namba ya kutengewa inaweza kujichukulia sifuri, na DS3231 ikifika utaona lalamiko la `/aliases ID 0 not available`. Na andika haya kwenye faili kuu la `.dts` la bodi, sio kwenye overlei (kipande cha nyongeza kinachobandikwa juu ya mti huo). Ndani ya overlei, `&rtc` kama njia haitatuliwi kwa sababu lebo hiyo iko kwenye faili jingine, na overlei inayopakiwa baada ya kerneli kuwaka imeshachelewa: majina haya husomwa mapema sana.

Pamoja na hilo, weka `CONFIG_RTC_DRV_DS1307=y`. Kwenye kerneli 6.1 si lazima, kwa sababu saa ya mfumo huwekwa pale `rtc0` inapojisajili, hata kama ni moduli. Kerneli za zamani zilijaribu mara moja tu kwenye ngazi ya `late`, zikikosa zinaandika `unable to open rtc device (rtc0)` na kuendelea na safari. Lakini hata kwa 6.1, hutaki sekunde 12 za programu kuandika tarehe za uongo kabla moduli haijapakiwa.

Nimeona mafundi wakichukua njia ya mkato ya kuizima saa ya ndani kwa `status = "disabled"`. Kwenye bodi nyingine sawa. Kwenye BeagleBone usifanye. Nodi hiyo imewekewa `system-power-controller`: pini yake ndiyo inayomwambia msimamizi wa nishati akate umeme. Ukiizima, `poweroff` itasimamisha Linux lakini bodi itabaki inawaka.

Kabla hujafurahi, kagua DS3231 yenyewe, kwa sababu nina wasiwasi nayo. Mashine ikiwa na mtandao na saa imelingana na seva, kerneli huandika saa hiyo kwenye saa ya betri kila baada ya dakika 11 hivi. Iliandika kwa nani miezi yote hii? Kwa `CONFIG_RTC_SYSTOHC_DEVICE`, ambayo kwa kawaida inafuata `rtc0` ileile. Yaani kerneli imekuwa ikimsahihisha yule asiye na kumbukumbu, na DS3231 haijaguswa tangu ulipoiweka. Chipu hiyo ni makini, inapotea kama dakika moja kwa mwaka, ila hiyo ni kama iliwahi kuwekwa sawa. Endesha:

```
i2cdetect -y -r 2
hwclock -r -f /dev/rtc1
```

Kwenye jedwali la kwanza, mahali pa 68 unatakiwa uone `UU`, maana yake draiva imekishika kifaa. Ukiona `68` yenyewe, chipu ipo lakini haijashikwa, na hapo tatizo lako ni jingine kabisa. Vistari tu, kagua waya. Kama logi ina `rtc-ds1307 2-0068: SET TIME!`, kitetemeshi (oscillator) kinachoendesha saa ya chipu kiliwahi kusimama, pengine betri ilitolewa au imekwisha, na draiva itakataa kusoma saa mpaka uiandike upya. Subiri modemu ishike, hakikisha `timedatectl` inasema saa imelingana, kisha `hwclock -w -f /dev/rtc1`.

Kama moduli yako ya DS3231 (hapa nasema kibao chenye chipu, si moduli ya kerneli) ni ile ya bei nafuu yenye chipu ndogo ya kumbukumbu pembeni, utaona pia kifaa kwenye 0x57. Anwani hiyo BeagleBone huitumia kutafuta kadi za nyongeza, kwa hiyo usishtuke ukikuta `UU` hapo ambayo hukuiomba. Na waya wa umeme wa moduli uwe kwenye 3.3V, P9.3 au P9.4. Ukiupa 5V, vipingamizi vya moduli vitavuta laini za I2C hadi 5V, na pini za AM335x hazikuumbwa kwa hilo.

Ugonjwa huu utakutana nao kwenye vitu vingine. Tangu kerneli 5.10 draiva nyingi za MMC (kadi za kumbukumbu) huamka sambamba, na kadi iliyokuwa `mmcblk0` jana inaweza kuwa `mmcblk1` leo. Kama `root=` yako (inayoiambia kerneli mfumo uko wapi) imetaja jina hilo moja kwa moja, badilisha iwe `PARTUUID` (kitambulisho kisichobadilika cha sehemu ya diski) kabla mashine haijakukatalia kuwaka ukiwa mbali nayo.

Ukimaliza, chomoa modemu. Zima, ondoa umeme kwa dakika 20, washa, na kabla ya kuchomeka modemu soma:

```
cat /sys/class/rtc/rtc0/name
cat /sys/class/rtc/rtc0/hctosys
date
```

Ya kwanza iseme `rtc-ds1307 2-0068`, ya pili iseme `1`, na ya tatu ilingane na simu yako. Dakika 20 ni muhimu: ukijaribu kwa sekunde 30, `timesyncd` itakufichia kosa tena. Yakitimia yote matatu, rudisha `rtc-ds1307.c` ilivyokuwa, ukianza na ule `msleep`.